Jinsi ya kuisoma dinari ya Kirumi: anza na mzani, picha iache mwisho

Mtu akishika dinari ya Roma ya kale kwa mara ya kwanza macho yanakimbilia kwenye picha. Anaona farasi, anaona kichwa cha mwanamke aliyevaa kofia ya chuma, anaingia mtandaoni anasachi "sarafu ya Kirumi yenye farasi", analetewa mamia yanayofanana, anachoka, mwisho anaamua tu kwamba ni "ya Kaisari" na mambo yanaishia hapo. Kumbe mara nyingi sarafu yenyewe iligongwa hata babu yake Kaisari hajazaliwa.

Mimi nasema hivi wakuu, picha ndo inavutia na picha hiyo hiyo ndo inadanganya, maana Warumi walirudia picha zile zile miaka nenda miaka rudi, kichwa cha mungu wa kike Roma peke yake kilikaa kwenye dinari zaidi ya miaka mia. Uzito haudanganyi kirahisi hivo, na majina ya watu ndo kabisa. Kwa hiyo hapa tunaenda kinyumenyume: mzani kwanza, ukingo, alama ya thamani, herufi, na picha tunaiangalia tukiwa tayari tunajua tunaongea na nani.

Naongelea sarafu za fedha za jamhuri tu, yaani kuanzia dinari ilipozaliwa mpaka Octavian, aliyekuja kuwa kaizari wa kwanza, alipobaki peke yake baada ya kumpiga mpinzani wake Antonius kwenye vita ya Actium mwaka 31 KK. Zile zenye vichwa vya makaizari ni somo lingine.

Vifaa

Tafuta mzani wa kidijitali kama wa masonara, unaosoma mpaka 0.01 ya gramu, kioo cha kukuza mara 10, rula yenye milimita, tochi ya simu na kitambaa laini. Basi, huhitaji maabara. Kama huna sarafu yenyewe unacho picha tu, hakikisha umepata na uzito na kipenyo, na muuzaji anayekataa kukutajia uzito wa sarafu ya fedha ya miaka elfu mbili mwache aende zake, kupima ni kazi ya sekunde tano.

Shika sarafu kwa ukingo, juu ya kitambaa, kimo kifupi kutoka mezani. Hii sio mbwembwe. Fedha iliyokaa ardhini karne ishirini inaweza kuwa imebadilika huko ndani mpaka imekuwa dhaifu, kwa nje inaonekana nzima lakini ikidondoka sakafuni inapasuka vipande.

Mzani

Pauni ya Kirumi ilikuwa kama gramu 324. Dinari za mwanzo kabisa ziligongwa 72 kwa pauni moja, kwa hiyo kila moja inakuja kama gramu 4.5. Haikuchukua muda wakapunguza, wakaanza kugonga 84 kwa pauni, ndo ikashuka mpaka kama 3.9, na hapo ikakaa mpaka jamhuri inakufa. Sasa ukiweka dinari kwenye mzani ukasoma 4.3 au 4.4 changamka, hiyo inaweza kuwa ya miaka ya vita ya Hannibal, jemadari wa Karthago aliyeivamia Roma. Ukisoma 3.6 mpaka 4.0 uko kwenye kundi kubwa la kawaida, sarafu zilitembea mikononi mwa watu zikachakaa kwa hiyo usitegemee 3.9 kamili.

Kwa nini hiyo vita ni muhimu? Kabla ya dinari Roma ilikuwa inagonga sarafu za fedha za mtindo wa Kigiriki, za mwisho zikiitwa kwadrigati kwa sababu upande wa nyuma kuna Jupiter kwenye gari la farasi wanne, uzito wake gramu sita na ushee, upande wa mbele kuna kichwa chenye nyuso mbili za vijana. Hannibal akaingia Italia mwaka 218 KK, majeshi yakafa moja baada ya jingine, hazina ikakauka, na hizo kwadrigati zikaanza kupungua uzito na kuchanganywa shaba mpaka zikapoteza heshima. Ndo mwaka 211 KK hivi wakaanza upya na dinari, fedha safi karibu kabisa. Huo mwaka haukuokotwa hewani. Huko Morgantina, mji wa Sicilia ulioteketezwa na Warumi wakati wa vita hiyo, wachimbaji wa mambo ya kale walikuta dinari mpya mpya na ndugu zake zimefukiwa chini ya kifusi cha maangamizi, ina maana lazima zilikuwepo wakati mji unaanguka.

Ndugu zake ni hawa, na hapa mzani unafanya kazi yote. Kwinari, nusu ya dinari, mwanzoni gramu 2.2 hivi. Sesterti ya fedha, robo yake, kidude kidogo cha gramu 1.1 ambacho ukikidondosha kwenye zulia ndo umeshakiaga. Halafu kuna viktoriati, kama gramu 3.4, yenye kichwa cha Jupiter mbele na mungu wa kike Victoria akivalisha taji mnara wa silaha za maadui nyuma, fedha yake ni duni kuliko ya dinari na haina alama ya thamani kabisa. Wengi wanaipima wanasema "dinari iliyochakaa sana", hapana, ukiona 3.4 na yule Victoria amesimama na taji mkononi mbele ya mnara wa silaha, hiyo ni mnyama mwingine.

Ukishapima andika namba pembeni, utaihitaji tena kwenye kutafuta feki.

Ukingo

Zungusha sarafu uangalie ukingo kwa kioo. Dinari nyingi zina ukingo wa kawaida, sio duara kamili, mara nyingi una mpasuko mmoja au miwili midogo kwa sababu chuma kilipigwa nyundo kikatanuka. Hiyo ni afya, sio kasoro.

Zingine zina meno pande zote, zimekatwa kwa patasi kabla ya kugongwa. Maarufu ni zile za Narbo, koloni ya Kirumi kusini mwa Ufaransa ya leo, mwaka 118 KK, halafu meno yakarudi kwa wingi kwenye miaka ya 80 na 70 KK. Tacitus, mwanahistoria wa Kirumi, akiandika zaidi ya miaka mia mbili baadaye, anasema Wajerumani walipenda sana hizi za meno na zile zenye gari la farasi wawili, za kizamani walizozizoea, hawakutaka mpya. Wajanja hao, maana wakati huo sarafu mpya zilikuwa na fedha pungufu kuliko za kizamani. Kuna wanaosema meno yalikatwa ili mtu aone fedha mpaka ndani asiibiwe, inasikika vizuri ila sijakubali, kwa sababu zipo feki za kale zenye meno vile vile na shaba tumboni.

Alama ya thamani

Geukia upande wa kichwa, angalia nyuma ya shingo, au chini ya kidevu kwenye baadhi. Ukiona X, hiyo ni kumi, dinari moja ilikuwa sawa na asi 10 za shaba. V ni ya kwinari, asi tano. IIS ni ya sesterti, mbili na nusu.

Kwenye miaka ya 141 KK hivi dinari ikapandishwa kuwa asi 16, na kwa kipindi kifupi sana wakaandika XVI waziwazi. Moja ya hizo ni ya L. Iulius, Roma mbele, mapacha wapanda farasi nyuma. Halafu sijui ni uvivu au mazoea, wakarudi kwenye X, ila nyingi ikiwa na mstari umepita katikati mpaka inaonekana nyota ya miale sita. Kwa hiyo X tupu, XVI, nyota, tayari hapo una kalenda ya mkononi: X tupu na uzito mkubwa ni mwanzo, XVI ni dirisha dogo, nyota ni baada ya hapo. Kadiri unavyosogea kwenye karne ya mwisho KK alama inapotea kabisa, kila mtu ameshajua thamani.

Herufi, hapa ndo utamu wenyewe

Zima taa ya juu. Washa tochi ya simu, ilaze kabisa pembeni ili mwanga upite juu ya sarafu kwa ubavu, alafu zungusha sarafu taratibu. Herufi zilizokuwa zimelala zinaamka kwa sababu ya vivuli. Piga picha kadhaa mwanga ukitokea pande tofauti, unganisha unachokiona.

Soma kwanza chini ya mstari ulio upande wa nyuma, kule kwenye kajukwaa chini ya farasi. Kwenye dinari za zamani utakuta ROMA. Dinari za mwanzo hazina jina la mtu, ROMA tu, na pengine kialama kidogo, nanga, shoka, suke la nafaka, ambacho kilikuwa utambulisho wa mtengenezaji au wa kundi. Baadaye vialama vikageuka kuwa herufi moja mbili, herufi zikawa majina, majina yakakua mpaka yakaisukuma ROMA nje ya sarafu kabisa. Ukiangalia huo mwendo peke yake unaona jinsi jamhuri ilivyogeuka kutoka "sisi" kuwa "mimi".

Hayo majina ni ya akina nani? Kila mwaka kulikuwa na vijana watatu wa familia za kisiasa waliopewa kazi ya kusimamia kugonga sarafu, wanaandikwa III VIR, watu watatu. Ilikuwa ngazi ya mwanzo kwa kijana anayetaka cheo, na Kaisari mwaka 44 KK akawaongeza wakawa wanne. Karakana ilikuwa kilimani Capitolium, kwenye hekalu la Juno Moneta. Kijana mmoja, T. Carisius, mwaka 46 KK aliamua kuchora vifaa vya karakana yenyewe kwenye dinari, nyundo, koleo, fuawe na chapa juu yake, na kwangu hiyo ndo sarafu nzuri kuliko zote kwa mtu anayetaka kuelewa kazi ilivyokuwa inafanyika: kipande cha fedha kinawekwa kati ya chapa mbili, kinapigwa nyundo, mkono wa mtu, hakuna mashine. Ndo maana picha mara nyingi inakaa upande upande.

Majina ya kwanza yanafupishwa na ni machache, ukiyashika unaenda mbali. M ni Marcus, L Lucius, Q Quintus, P Publius, T Titus, TI Tiberius, A Aulus, D Decimus, SEX Sextus. C ni Gaius na CN ni Gnaeus, usitafute G hapo. F baada ya jina ni mwana wa, N ni mjukuu wa, kwa hiyo L F ni mwana wa Lucius. Hakuna U, utaona V. Hakuna J, utaona I. Na kitu kinachowasumbua wengi ni herufi zilizobanana, A na V zinashirikiana mguu mmoja, M na A zinakuwa kitu kimoja, ukikutana na herufi usiyoijua kwenye alfabeti ya Kilatini jaribu kuigawa mara mbili kabla hujasema ni siri. EX S C maana yake kwa amri ya Seneti, yaani toleo maalum lililoagizwa. AED CVR ni aedile wa kurule, cheo cha waandaaji wa michezo na masoko. Q ikikaa peke yake baada ya jina badala ya kabla, hiyo ni kwesta, mtunza hazina. IMP ni jemadari aliyeshangiliwa na askari wake.

Tuchukue moja tuisome mpaka mwisho. Dinari ya mwaka 58 KK, inapatikana kwa wingi. Upande mmoja kuna ngamia, na mtu amepiga goti mbele yake ameshika hatamu kwa mkono mmoja na tawi la mzeituni kwa mwingine. Juu imeandikwa M SCAVR AED CVR, pembeni EX S C, chini REX ARETAS. Sasa bila hata kitabu: Marcus Scaurus, aedile, kwa amri ya Seneti, mfalme Aretas. Upande wa pili Jupiter yuko kwenye gari la farasi wanne, na jina la mwenzake, P HVPSAE, aedile vile vile, na chini yake maneno yanayosema C. Hypsaeus, konsuli (kiongozi mkuu wa mwaka), aliteka mji wa Privernum. Kumbe sarafu moja imebeba majigambo mawili. Scaurus anajigamba kwamba amempigisha goti mfalme wa Wanabatea, Hypsaeus hana vita yake mwenyewe kwa hiyo ameazima ushindi wa mtu wa ukoo wake wa karibu miaka mia tatu nyuma. Na ya Scaurus nayo ukichimba inachekesha: mwanahistoria Myahudi Yosefu (Josephus) anasema Scaurus aliposogea kuelekea Petra, mji wa Aretas, njaa iliwabana, mwisho Aretas alimlipa talanta 300 ili aondoke. Hakuna goti hapo, kuna malipo. Ila kwenye fedha mfalme anapiga goti mpaka leo.

Ndo maana nasema herufi kabla ya picha. Angeangalia ngamia tu mtu angesema "sarafu ya Uarabuni".

Kuna herufi na vialama ambavyo sio majina, vinakaa peke yake kwenye uwanja mtupu na vinabadilika kutoka sarafu hadi sarafu: hizo ni alama za kudhibiti chapa. Toleo la L. Piso Frugi la mwaka 90 KK, Apollo mbele na mpanda farasi anakimbia nyuma, liligongwa kwa wingi wa ajabu kulipia vita na washirika wao wa Italia, na limejaa namba, herufi na viumbe kila pembe. P. Crepusius mwaka 82 KK alihesabu chapa zake kwa namba. L. Papius mwaka 79 KK alifanya ya kupendeza zaidi, kila chapa ya mbele ina kitu kimoja na ya nyuma ina mwenzake, vifaa vya mafundi, vyombo vya nyumbani, viungo vya mwili, jozi zaidi ya 200. Ukikutana na hizi usijaribu kutafsiri kialama kama ujumbe, ni mahesabu ya karakana tu.

Sasa picha

Ukiwa na uzito, ukingo, alama na jina, picha inaongea. Kwenye miongo ya mwanzo utakuta Roma mwenye kofia ya mabawa na nyuma Castor na Pollux, mapacha wapanda farasi, mikuki mbele, nyota juu ya vichwa. Halafu yanaingia magari, farasi wawili, wanne, akiendesha Luna mungu wa mwezi, Victoria, Jupiter. Hapo usipoteze muda kupima aina ya farasi, hesabu vichwa vya farasi tu alafu rudi kwenye jina.

Kuanzia miaka ya 130 KK vijana wakagundua sarafu ni tangazo la ukoo linalotembea mifukoni mwa wapiga kura. Sextus Pompeius Fostlus, mwaka 137 KK, akaweka mbwamwitu ananyonyesha Romulus na Remus, mapacha wa hadithi ya kuanzishwa kwa Roma, na Faustulus, mchungaji aliyewaokota, amesimama pembeni, maana jina la familia lilimruhusu kudai ukoo huo. C. Mamilius Limetanus, 82 KK, akamchora Ulysses, shujaa wa hadithi za Kigiriki, amerudi nyumbani na mbwa wake Argos ananyoosha shingo kumtambua, kwa sababu akina Mamilius walidai wanatoka kwa mtoto wa Ulysses. Ni moja ya picha chache za kale ambapo mbwa amechorwa na hisia, tena kwenye kipande cha milimita 19 hivi chenye meno. P. Nerva mwaka 113 au 112 KK akaonyesha kupiga kura kwenyewe, mtu anavuka daraja la mbao anapokea kibao, mwingine anadumbukiza chake.

Alafu kuna Brutus. Mwaka 54 KK, akiwa kijana wa karakana, alitoa dinari yenye uso wa Libertas, mungu wa kike wa uhuru, mbele, na nyuma babu yake wa kale aliyefukuza wafalme anatembea katikati ya walinzi wake, chini BRVTVS. Miaka kumi baadaye Kaisari anaweka sura yake mwenyewe kwenye dinari akiwa hai, kitu ambacho hakikuwahi kufanyika hapo Roma, na mwezi Machi 44 KK anachomwa visu, Brutus akiwa mmoja wa wauaji. Kisha Brutus huyo huyo, akiwa na jeshi mashariki mwaka 43 na 42 KK, anagonga dinari yenye visu viwili na kofia ya mtu aliyeachwa huru katikati, chini EID MAR, Idi za Machi, yaani tarehe 15 Machi, siku Kaisari alipouawa, na mbele ... sura yake mwenyewe. Hapo ujue jamhuri imeshakufa, waliobaki wanagombania mirathi.

Kuitafutia namba

Wasomi na wauzaji wote wanatumia namba za katalogi ya Michael Crawford ya mwaka 1974, zinaandikwa RRC au Crawford na tarakimu. 44/5 ni dinari ya mwanzo isiyo na jina, 422/1 ni ile ya ngamia, 508/3 ni visu vya Brutus. Kuna hifadhidata ya bure mtandaoni ya shirika la Marekani la American Numismatic Society inayofuata namba hizo, unaandika herufi ulizosoma, hata tatu nne tu, inakuletea zinazofanana na picha kutoka makumbusho. Usishangae mwaka ukitofautiana kidogo kati ya vyanzo. Baada ya katalogi kutoka, hazina moja ya sarafu iliyopatikana Mesagne, kusini mwa Italia, ilifanya wataalamu wasogeze baadhi ya matoleo ya miaka ya 60 na 50 KK. Kwa hiyo andika namba ya RRC, mwaka weka na "hivi".

Feki, za kale na za jana

Usidhani feki ni uvumbuzi wa leo. Warumi wenyewe walikuwa wanafunika shaba kwa karatasi ya fedha wanaigonga, na hizo feki za kale nazo zina wakusanyaji wake. Watu wa soko walijihami kwa kupiga vidoa vidogo, nusu mwezi, kitobo, mkato, ili waone ndani. Ukiona vialama hivyo vya kuchoma kwenye uso wa Roma usihuzunike, ni cheti cha kale kwamba kuna mtu alishatilia shaka kabla yako akaridhika.

Kipimo kizuri ni cha maji. Pima sarafu kawaida, tuseme 3.86. Weka kikombe cha maji juu ya mzani, rudisha sifuri. Funga sarafu kwa uzi mwembamba, izamishe yote bila kugusa chini wala pembeni, uangalie usiwe na povu la hewa. Namba unayoisoma sasa, tuseme 0.37, ndo ujazo wake. Gawanya 3.86 kwa 0.37 unapata 10.4. Fedha tupu ni 10.5, shaba ni kama 8.96, kwa hiyo dinari nzuri inakaa 10.2 mpaka 10.5, ikija 9 na kidogo kuna shaba tumboni. Ishu ni kwamba kosa la 0.01 kwenye mzani linakubadilishia jibu karibu 0.3, kwa hiyo rudia mara kadhaa uchukue wastani, na kama sarafu ina nyufa usiifanyie hivi kabisa.

Za kisasa zilizomiminwa kwenye kalibu zinajitangaza: vitobo vya mapovu, herufi zenye kingo laini laini kama sabuni iliyotumika, na mstari wa maungio ukingoni au alama kwamba umesuguliwa kwa tupa kuuficha. Zilizogongwa kwa chapa mpya ni ngumu zaidi, hizo unazikamata kwa kulinganisha. Sarafu mbili za chapa moja zinafanana picha, lakini haziwezi kufanana mpasuko wa ukingo, umbo la kipande na mahali picha ilipokaa, kila pigo la nyundo ni lake. Ukikuta mbili zina mpasuko ule ule mahali pale pale, angalau moja ni feki, mara nyingi zote. Sumaku nayo jaribu, fedha haishikwi, ila kutoshikwa hakuthibitishi kitu, shaba nayo haishikwi.

Usiisafishe

Kwa uzito wote: usiisugue. Wala baking soda, wala dawa ya meno, wala kuichemsha na foili. Rangi ya kijivu, ya bluu, ya dhahabu inayokuja juu ya fedha kwa muda ndo ngozi yake, ukiitoa unabaki na kitu cheupe kinachong'aa kisicho na uhai, na thamani inashuka papo hapo. Maji yaliyosafishwa na asetoni vinatosha kutoa vumbi, gundi na mafuta ya vidole, kisha kausha kwa kugusa, sio kwa kufuta. Ihifadhi kwenye karatasi isiyo na asidi au plastiki ya Mylar, zile pochi laini za PVC zinatoa ute wa kijani unaokula sarafu polepole.

Imetoka wapi

Hili watu wanaliruka. Italia inachukulia vitu vya kale vinavyochimbwa ardhini kuwa mali ya taifa. Uingereza ina sheria ya mwaka 1996 ambayo kwayo sarafu mbili au zaidi za fedha zenye zaidi ya miaka 300, zikikutwa pamoja, lazima ziripotiwe. Kwa hiyo kabla ya kununua omba historia, minada ya zamani iliyopita, risiti, picha ya katalogi ya miaka ya nyuma. Na usiishie kuonyeshwa karatasi tu, ilinganishe na sarafu, mpasuko kwa mpasuko. Aureo moja ya EID MAR, ile ya dhahabu, iliuzwa mnadani London mwaka 2020 kwa zaidi ya pauni milioni 3, baadaye ikagundulika karatasi zake za asili zilikuwa za uongo, na mwaka 2023 ikarudishwa Ugiriki.

Ya kufanyia mazoezi

Usianze na Brutus. Anza na dinari za Marcus Antonius za vikosi, za mwaka 32 na 31 KK, alizozigonga kulipa jeshi lake kabla ya Actium. Ni nyingi, na fedha yake ilikuwa duni kidogo, kwa hiyo watu walificha nzuri wakatumia hizi, zikazunguka mpaka karne ya tatu baada ya Kristo zikichakaa tu. Mbele kuna merikebu ya makasia, nyuma tai katikati ya bendera mbili za kikosi, na chini LEG (kifupi cha legio, kikosi) na namba, kuanzia II mpaka XXIII. Kazi yako ni kupata hiyo namba. LEG huwa inakaa kushoto mwa nguzo ya tai na namba kulia, laza tochi upande wa kushoto kwanza ili miguu ya I na V itupe kivuli, hesabu nafasi hata kama mstari mmoja umefutika, na kumbuka nne inaweza kuandikwa IIII na tisa VIIII, kwa hiyo mistari minne iliyosimama haimaanishi umeona vibaya.